Sebarenzi na bawa la gundi ya maziwa

Mjinga wa Jumamosi ile alikuwa yeye, na Sebarenzi hamsingizii mtu mwingine. "Mudomo yangu njo ilipanda ndege," anasema. "Miguu ilikuwa ingali chini."

Ni saa moja asubuhi hapa Karuba, ukungu umelalia malisho. Fundi seremala huyu, mwenye miaka arobaini na miwili na vidole vinane (viwili aliuachia msumeno), anagonga bawa kwa kifundo cha kidole, anatega sikio, anagonga tena.

Ndege ni ya Bwana Émile, mwenye shamba la pareto, aliyeileta mwaka 1954. Ina viti viwili, mabawa marefu ya mbao na kitambaa, na injini ndogo. Ikishafika juu, injini huzimwa, nayo huelea kama mwewe: ikishuka mita moja, imesonga mbele mita ishirini. Lakini hewa ya milima hii ni nyepesi. Ikibeba watu wawili, humaliza malisho yote ndipo iachane na majani. Ng'ombe wamekwisha kujifunza kuipisha.

Mwezi huu iligonga ua wa malisho, mbavu tatu za bawa zikavunjika. Sebarenzi akaziunga kwa gundi ya unga wa maziwa, ambayo hutaka siku saba kavu. Karuba ilimpa nne. Tatu zilikuwa za mvua.

Hata hivyo, Jumamosi ile Bwana Émile alipomuuliza mbele ya watu kama bawa limepona, alijibu kwa kifua: "Imepona, Bwana! Hata mimi nitapanda."

"Basi panda."

Watu wakapiga makofi.

Leo ndege iko chini ya turubai, na siku saba zinahesabiwa upya. Zikitimia, Sebarenzi anataka kupanda kweli, alitazame kutoka juu paa la nyumba yake. Anashuku linavuja upande wa jiko.

Kilichoizuia ndege Jumamosi si mvua. Ni mkewe, Verdiane, anayekamua ng'ombe wa shamba hilo. Fundi alimvuta pembeni.

"Mama Dancille, nitasema tumbo inaniuma. Bwana aende peke yake. Kwa kiti yangu tuweke gunia ya maharagi, uzito isipungue."

"Juu ya nini? Sababu gani?"

"Ile mbavu ya katikati, siiamini."

"Na yeye umemwambia?"

"Nimwambie namna gani? Ataniita muongo mbele ya watu, na kazi itaisha!"

Verdiane akatua ndoo yake chini.

"Papa Dancille, ile gundi inajua nani iko ndani?"

Sebarenzi akarudi kwa Bwana Émile, akamwambia gundi haijakauka.