Platre ya Mudogo Wangu

Juma iliyopita tulipeleka mujukuu wangu hospitali, kwa waganga wa mifupa ya watoto, hapa Goma. Alizaliwa na miguu ya kupinda, nyayo zinaangaliana kama watu wawili wanaosengenya. Kila juma wanainyoosha kidogo, wanaifunga na platre, ile chokaa inayokauka kama jiwe, juma ingine wanaitoa, wananyoosha tena. Muganga akamwambia muke ya kijana wangu: "Mama, asubuhi ya kurudi ndiyo mutaloweka platre ndani ya maji, ipate kulainika. Mbele ya hapo, hata tone moja hapana." Akaitika. Mimi nikatoka, nikakaa nje juu ya jiwe. Ile maneno nilikuwa naijua tangu utoto. Rafiki yangu, weye ndiye wa kwanza kuelezwa.

Nilikomalia Vitshumbi, kwa wavuvi, kando ya ziwa. Kama hukufika kule wakati yetu, pole. Tilapia ilikuwa inanona mpaka mafuta inakutiririka kwenye kiwiko. Ndege marabu walitembea kati ya nyumba kama wazee wa baraza, na kiboko akipita nyuma ya jiko, mama anagonga sufuria mpaka aende zake. Tangu asubuhi mama alikuwa anapasua samaki na kutia chumvi. Mimi, kazi yangu ilikuwa mugongo. Nilisoma miaka mbili tu, kisha mudogo wangu wa kike akazaliwa na miguu sawa na hii ya mujukuu, wakasema binti abaki nyumbani abebe mutoto. Nilikuwa na miaka tisa.

Kila siku ya ine ya juma, kamio, lori ya samaki, ilitupandisha juu ya vikapu, mama, mutoto na mimi, mpaka kwa masere, mutawa wa misioni. Yeye ndiye alikuwa anafunga platre. Naye alisema vile vile: asubuhi ya kurudi, muloweke. Juma ya tatu, unyayo mumoja ukaanza kutazama chini kama wa watu. Mama alicheka njia yote. Mbele ya hapo sikuwa nimemuona akicheka na meno yote.

Lakini weye hujabeba platre. Inavuta shingo, inakugonga mbavu kila hatua. Wenzangu wakiruka kamba kando ya ziwa, wananiona: "Mama ya mawe anakuja! Tua mawe yako kwanza!" Siku moja nikamukalisha mutoto majini, pale pembeni, nikamushika makwapa mpaka platre ikakuwa laini kama bukali, ugali ya moto. Nikabandua yote. Nikaruka kamba. Niliruka vizuri, sitakudanganya.

Nyumbani nikasema imeanguka yenyewe. Koko, mama ya baba, akapiga mikono: "Niliwaambia! Miguu ya nyumba hii haitaki kufungwa. Nani anafunga mutoto kama mbuzi?" Kwetu neno ya Koko hakuna aliyeibisha, hata baba. Mama alishika ile miguu, unga mweupe ungali kati ya vidole, akanitazama mimi. Nafasi ya kusema nilikuwa nayo. Sikusema. Siku ya ine kamio ikapiga honi mbele ya mulango, mara mbili, ikaenda.

Mudogo wangu alianza kutembea akiwa na miaka mine, juu ya ubavu wa miguu, ngozi ya pale ikakuwa ngumu kama kisigino. Shule ilikuwa mbali. Hakuiona hata siku moja. Mimi nilikataa kubeba platre miezi michache, nikamubeba yeye mpaka kidevu chake kikapita bega langu. Mama akakataza mutu yeyote kumuelezea habari ya masere, asije akalilia kitu yenye haiwezekani tena. Na hata leo, mbele ya watu, ananisifu: "Yaya wangu, dada yangu mukubwa, alikuwa miguu yangu." Watu wanapiga makofi. Mimi nainua kichwa, maana kuinua kichwa najua sana.

Jana mudogo wangu alikuja kutoka Murara kuona mujukuu. Akakaa, akavua viatu vyake vya kushonesha kwa fundi, akapapasa platre.

"Kumbe inakuwa ngumu hivi! Yaya, wakati yetu kule Vitshumbi, hii dawa haikukuwa?"

Koko alikufa. Baba alikufa, mama alikufa, masere alirudi kwao. Wale wasichana wa kamba, vita iliwatawanya, sijui hata mumoja yuko wapi. Hakuna tena mutu chini ya jua wa kunikosoa.

"Haikukuwa, mama," nikamwambia.

"Basi huyu amezaliwa wakati muzuri," akasema, akamubusu mutoto kwenye vidole vya miguu.

Akavaa viatu vyake. Nikamusindikiza mpaka barabarani, polepole, kwa mwendo wake.