Maji ya Kisima Ndani ya Betri

Sanduku lile aliliunda mume wangu mwenyewe, barazani kwetu Timbwani, mwanzoni mwa miaka ya tisini. Alikuwa fundi wa redio. Ndani mlikuwa na betri ya lori, chaja, na mashine ndogo ya kugeuza umeme wa betri uwe kama ule wa ukutani. Stima ikiwapo, betri inajaa. Ikipotea, televisheni inaendelea kana kwamba hakikutokea kitu. Wageni waliliona ni ajabu. Mimi niliona ni mzigo tu, maana kila nikifagia ilinibidi nilizunguke.

Betri ya aina hiyo ina vyumba sita, kila kimoja na kifuniko chake, na maji yake hupungua polepole. Huongezwa maji maalumu ya betri, yasiyo na chumvi wala kitu kingine. Hilo nalijua sasa. Mwaka aliolazwa hospitali sikulijua. Niliona maji yamepungua, nikataka akirudi akute kila kitu kiko sawa, basi nikachota kisimani nikajaza. Na visima vya kwetu, kwa ukaribu wa bahari, vina chumvi. Maji yake tunaogea na kufulia, chai hatupikii. Sijui kwa nini nilidhani betri ingeyakubali maji ambayo mimi mwenyewe siyanywi.

Alirudi amekonda. Siku ya pili alikaa chini mbele ya sanduku, akalifungua kwa bisibisi, akatazama kwa muda, akalifunga. Kisha akaniomba chai. Wiki ile stima ilipopotea, televisheni ilizimika baada ya dakika chache. Nilimngoja aseme neno. Alisema tu, "Betri nayo huzeeka." Nami sikumwambia kitu. Niliweka moyoni kwamba nitamwambia akipata nafuu. Hakupata.

Nikakaa eda. Kwa asiyejua, mjane kwetu hukaa nyumbani miezi minne na siku kumi, hajipambi, wala haonani na mwanamume anayeweza kumwoa. Alichoacha marehemu kilikuwa cha kugawanywa baina ya mama yake, mimi na wanangu, na sanduku haligawanyiki. Shemeji yangu, mdogo wa marehemu, akatafuta mnunuzi. Bwana mmoja wa Mikindani, ng'ambo ya feri, akaja baada ya alasiri. Wao wakakaa sebuleni, mimi na mavyaa, mama yake marehemu, chumbani nyuma ya pazia.

"Hii ni kazi ya fundi, wallahi," nilimsikia shemeji. "Utatazama habari mpaka mwisho, na jirani zako wote wako gizani."

"Basi chomoa tuone."

Akachomoa waya ukutani. Televisheni ikaendelea kusema. Nilikaa nimefumba macho, nikisikiliza sauti ya mtangazaji. Ikafifia, ikakatika.

"Dakika nane!" mgeni akasema. "Jirani zangu watanicheka mimi."

"Haijajaa chaji, bwana."

"Haijajaa? Si umeniambia inakula stima tangu asubuhi? Usione vibaya, ndugu yangu, lakini huyu alikuwa fundi wa maneno."

Mavyaa alishika ukingo wa kitanda. "Redio za nusu ya Timbwani zimepita mikononi mwake," alininong'oneza, "na huyu amepanda feri kuja kumtukania mwanangu nyumbani kwake."

Huko sebuleni shemeji akatafuta njia nyepesi. "Labda ni maradhi. Mwishoni mkono ulikuwa hauna nguvu, akakosea. Mungu amrehemu."

Hapo nikaona mambo yatakavyokwisha. Kosa langu litaandikwa jina lake, naye hana tena mdomo wa kujibu.

"Si yeye," nilisema. "Ni mimi."

"Nani huyo?" mgeni akauliza.

"Mkewe. Uniwie radhi, baba. Alipokuwa hospitali mimi niliijaza betri maji ya kisima. Chumvi imekula vibamba vya ndani. Lakini chaja ni nzima, na mashine ni nzima. Kamwe hazijasumbua. Ukitia betri mpya, na ukawa unaongeza maji yake yanayofaa, sanduku hili litakufaa sana. Usilihukumu kwa betri, wala usimhukumu yeye."

Mavyaa alinigeukia akanitazama. Sikuweza kumtazama.

Tukasikia bisibisi ikizunguka, parafujo moja baada ya nyingine zikiangushwa kwenye sahani.

"Lo," mgeni akasema, na sauti yake haikuwa ile ya kwanza. "Waya zimesukwa kama nywele za bibi harusi. Mama, hebu njoo uone... Ah, samahani, nimesahau." Kisha akageuza kifuniko. "Lakini mwenyewe alijua."

"Alijua nini?" shemeji akauliza.

"Pana chaki hapa, upande wa ndani wa kifuniko cha sanduku. Amechora vyumba sita vya betri, vitatu amevikata kwa mstari. Pembeni ameandika *chumvi*."

Nikakumbuka ile siku ya bisibisi, na ile chai. Alikunywa yote, akarudisha kikombe mwenyewe jikoni.

Mgeni alilichukua sanduku pasipo betri. Akamwambia shemeji, na nadhani alipaza sauti makusudi ili tusikie, kwamba fundi wa namna ile angetamani kumkuta hai. Shemeji alimsindikiza mpaka njiani, asiniseme wala asinilaumu.

Tulipobaki wawili nilimweleza mavyaa yote tangu mwanzo. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Ungemwambia tu," akasema.

"Nilikuwa nikingoja apate nafuu, mama."

"Naye pengine alikuwa akikungoja wewe."

Alisema kwa upole, akanipigapiga goti, kisha akainuka kwa taabu kwenda kutandika mswala. Magharibi ilikuwa inaadhiniwa. Nami nikatoka uani kutawadha, kwa maji yale yale ya kisima.