Mama Mkwe wa Baba

Baba alikuwa akiniita mama mkwe tangu sijajua kutembea. Nilipewa jina la mama yake mama, kwa hiyo kwa hesabu za Kinyamwezi mimi ndiye niliyemzalia mke, na mwanamume hazoeani na mama mkwe wake. Nikitokea barazani alijifanya kusogeza kiti na kuinamisha macho. Nikimpelekea ugali alisema hawezi kula mbele ya mkwe, aibu itamkaba koo, na wageni walicheka kila mara kana kwamba hawajawahi kuusikia utani huo. Mama naye aliniita mama, nami nilimwita mama. Ukiita "mama" nyumbani kwetu, tuliitika wawili.

Mama alikuwa Msisilia, mtu wa kisiwa cha Italia. Alifika Tabora na mume wake wa kwanza, mwashi aliyeletwa na Waingereza kujenga vituo vya reli ya kwenda Mwanza. Homa ilimuua yule mume kabla reli haijafika mbali. Baba yangu alikuwa msaidizi wake kazini. Mjane akaolewa na msaidizi, kanisani, mashahidi wawili tu, na tangu siku hiyo Wazungu wa mjini wakaacha kumsalimu. Mwenyewe alisema hajali. Baba alimjengea tanuri la udongo uani, akawa anaoka mikate na kuwauzia Wahindi wa madukani, akajifunza Kinyamwezi kwa wifi yake mpaka akaweza kugombana nacho.

Upande wa baba tumejaa watu. Babu yake alikuwa mpagazi, alibeba pembe za ndovu hadi pwani, na ndugu zake wawili walifia njiani huko Ugogo, hata walipozikwa hapajulikani. Lakini shangazi, dada mkubwa wa baba, alikuwa nao wote kinywani. Kila alipotambika alimwaga maji ya unga kizingitini na kuwataja mmoja mmoja, fulani mwana wa fulani, waliozikwa na wasiozikwa. Mwishoni aligeukia upande wa mama, na huko kulikuwa na jina moja tu, la bibi, ambalo ndilo langu. Nilipokuwa mdogo nilidhani naitwa, nikaitika. Shangazi alinifinya.

Mama alipoanza kuvimba miguu mimi nilikuwa mtu mzima, nafundisha kushona katika shule ya masista. Hospitali walisema ni moyo, wakampa vidonge na kumkataza tanuri, na tanuri hakuliacha. Siku moja alinikalisha karibu yake, mikono ikiwa bado na unga, akanieleza jambo ambalo hata baba hakulijua. Hakuwahi kumwona mama yake. Aliokotwa mlangoni kwa mtu akiwa kichanga, akaandikishwa kwenye ofisi ya mji, kisha akakabidhiwa kwa mke wa mchunga mbuzi amnyonyeshe. Alipopata akili alimuuliza huyo mama mlezi, mama yangu ni nani? Akatajiwa jina. Jina hilo alikuja nalo mpaka Tabora, akanipa mimi.

"Kwetu mwanamke anaweza kurudi," alisema. "Hata baada ya miaka. Anakwenda ofisini, anasema yule mtoto ni wangu, nao wanaandika pembeni mwa ukurasa. Nataka kujua kama alirudi."

Nilikasirika, na sikujua namkasirikia nani. Nilimuuliza kwa nini hakuuliza miaka yote hiyo. Alisema alipokuwa na nguvu aliweza kungoja.

Padri mmoja aliyesoma Roma ndiye aliyetuandikia barua. Ilikwenda kwa treni hadi Dar es Salaam, halafu kwa meli, na sisi tukakaa kungoja masika yote. Miezi hiyo mama alipata nafuu, ndiyo sababu siwezi kuikumbuka bila uchungu. Alianza kujisemea kwamba labda ana ndugu, labda mama yake aliolewa vizuri baadaye, akamkumbuka. Shangazi alijua tu kwamba tumewaandikia watu wa wifi yake, naye alifurahi, maana upande wenye jina moja ulimkera. Kila nikitoka misa alikuwa mlangoni: wamejibu?

Walijibu. Padri aliniita baada ya misa, akanitafsiria polepole ile nakala ya ukurasa wa vizazi. Mkunga wa mji alifika ofisini akasema kwamba alfajiri amekuta mlangoni pake mtoto wa kike, amefungwa kipande cha blanketi. Mwandishi wa ofisi akampa mtoto jina na ukoo, vyote alivitoa kichwani mwake. Wazazi hawajulikani. Kisha padri akasoma jina la mkunga, akanitazama. Lilikuwa jina langu. Nilimwomba alisome tena, akalisoma, likawa lilelile. Pembeni mwa ukurasa palikuwa na mistari miwili juu ya ndoa ya mama na yule mwashi. Chini yake hapakuwa na kitu.

Basi yule mke wa mchunga mbuzi, alipoulizwa na mtoto, alitaja jina pekee alilolijua, la mwanamke aliyemletea mtoto. Labda alimhurumia. Siku hiyo mimi sikumhurumia hata kidogo.

Njia nzima nilikuwa napanga uongo, na nilipofika nyumbani ulikuwa tayari. Mama alikuwa mbele ya tanuri. Hakuniuliza, alinyoosha mkono tu apewe karatasi, na nilikuwa nimesahau kwamba lugha yake aliweza kuisoma. Kidole chake kilikwenda kwanza pembeni, kikashuka, kikarudi juu, kikashuka tena. Ndipo alipoanza kusoma katikati, mpaka akafika kwenye jina.

"Huyu ni mkunga," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Basi hakurudi."

Nilisema labda alikufa mapema, labda alizuiwa na baba yake, labda hakujua kwamba mtu huruhusiwa kurudi. Alisema labda. Mikate iliungua yote, na hakuna aliyeigusa.

Jioni baba aliporudi alianza utani wake wa kila siku, mama mkwe amepika nini. Mama alimjibu kutoka kitandani, bila kupandisha sauti. "Mwache. Huna mama mkwe."

Nilimweleza baba uani. Hakunitania tena maisha yake yote. Na tangu siku hiyo mama aliniita mwanangu. Ni neno zuri, najua, na nililichukia kila aliponiita. Ukiita "mama" nyumbani kwetu, sasa aliitika mmoja.

Alikufa kabla mvua hazijarudi. Tulimzika kwenye makaburi ya misheni, na padri na watu walipoondoka, shangazi alibaki na kibuyu chake cha maji ya unga. Hatukuwa tumemwambia. Baba alinitazama, nikatikisa kichwa. Shangazi aliwataja watu wake wote, na wale wawili wa Ugogo, akawaomba wampe mgeni nafasi. Kisha akageukia upande wa mama, akaliita jina langu kwa sauti kubwa.

"Njoo umpokee mwanao. Ametoka mbali, hajui mtu huko."

Akamwaga, akangoja kidogo kama alivyongoja siku zote. Safari hii sikuitika.