Matairi ya Masese na Uzito wa Mama

Masese alipenda vitu viwili kupita kiasi: duka lake la sare za shule pale Keroka, na gari lake la buluu, alilolishusha kwa springi fupi hadi likawa linapita tuta kwa kukwaruza tumbo. Stejini, kwenye kituo cha matatu, watu waligeuka, naye alitabasamu sikio hadi sikio. Gari limeshuka, bwana!

Mama yake, Drusilla, hakuona la kutabasamia. Mwezi uliopita tairi, tena jipya, liliwapasukia wakitoka soko la Nyamira, naye akasimama kando ya barabara na gauni lake zuri, akilinda mikungu ya ndizi huku malori yakimpulizia vumbi. Sasa harusi ya binti yake Purity ilikuwa Jumapili, na Drusilla alikuwa ametangaza kwamba angekwenda kwa lori la jirani yao Anyona. Mama wa bibi harusi, juu ya lori! Masese alikosa usingizi kwa aibu.

Ijumaa alasiri akalipeleka gari kwa Fred, fundi wake wa siku zote. Matairi upande wa nje yalikuwa mapya kabisa. Upande wa ndani yalikuwa yamelika hadi nyaya zinachungulia.

"Nimenyoosha hizi magurudumu mara mbili," Fred alilalamika. "Mashine inasema ziko sawa. Sasa nifanye nini, ndugu yangu? Na Sabato inaingia jua likizama, nafunga."

Hapo ndipo Drusilla alipotokea na wenzake wanne wa Dorkas, chama cha akina mama wa kanisa, wakitoka kununua maua ya kanisa. Walikuja kucheka tu, na walicheka kwelikweli. Kisha Drusilla akauliza, "Mkipima, ndani huwa kuna nani?"

"Hakuna mtu, Mama."

"Na mimi ni lini nimepanda gari haina mtu? Mnapima gari ya nani?"

Fred akajipiga kofi kwenye paji la uso. Kumbe! Gari likiwa tupu, magurudumu yalisimama wima. Likibeba ukoo mzima na ndizi zake, springi zile fupi zililala, magurudumu yakainama kwa ndani, na upande huo ukaliwa na lami.

"Ingieni!" akapaza sauti. "Wote!"

Wakaingia, Drusilla mbele, mikoba mapajani, maua yakitokeza madirishani. Fred akatazama gari lilivyolala, akawashusha, akainua springi kidogo (Masese akageuza uso), akawapandisha tena. Wakaanza kuimba. Halafu wakaanza kucheza wakiwa wamekaa.

"Mama zangu, tulieni! Namba zinaruka!"

Walitulia mstari mmoja tu wa wimbo. Fred alikuwa chini akikaza nati huku akicheka hadi spana ikamponyoka, na Masese akawa anaitikia kibwagizo bila kujijua. Mwishowe namba zikatulia, gari likiwa limejaa pomoni, na jua bado lilikuwa juu ya kilima.

Masese akafungua mlango. "Tumemaliza, Mama. Shukeni."

Hakuna aliyeshuka. Drusilla alivuta mkanda, akaufunga, akapapasa kiti alichokalia.

"Yaya, hatushuki. Tupeleke nyumbani sasa, na Jumapili unichukue mapema, nikae hapa hapa. Lori ya Anyona ibebe watu wa bwana harusi."

Masese alicheka hadi machozi yakamtoka, akaufunga mlango polepole kama anayefunga kabati la vyombo vya wageni.