Maji Moto ya Madirisha

Asubuhi moja ya mwezi wa saba, mwenzangu wa kazi alishindwa kufunga vifungo vya sweta yake. Tulikuwa tumemaliza kuosha madirisha ya kliniki moja ya ghorofa nne huko Njiru, na baridi ilikuwa ile ya Nairobi isiyo na mvua wala jua, inayokaa tu mpaka saa nane. Vidole vyake vilikuwa vimekakamaa. Nilimfungia mimi, kifungo baada ya kifungo, naye akatazama kando kwa aibu.

Alikuwa amenizidi miaka kumi. Tulifagia pamoja katika kiwanda cha sabuni mpaka kilipopunguza watu, tukatoka siku moja, kila mtu na mfuko wake wa nailoni. Baadaye nilinunua vani kuukuu, nikaweka tenki la maji nyuma, machujio, pampu ndogo ya betri, mpira mrefu, na fimbo inayorefuka yenye brashi kichwani. Maji hupanda ndani ya fimbo na kutokea kwenye brashi, kwa hiyo mtu anaosha ghorofa ya nne akiwa amesimama chini. Tuliosha kliniki, shule, na mikahawa ya Outer Ring Road ambayo vioo vyake vimepakwa mafuta ya chipsi miaka na miaka. Mafuta hayo maji baridi hayayatoi. Huyasukuma tu kutoka kona hii hadi ile.

“Mikono imekataa, dadangu,” aliniambia siku ile tukikunja mpira. “Wacha nirudi kuuza mboga.”

“Mikono haijakataa. Maji ndiyo mabaya. Nitaweka maji moto kwenye gari.”

Alicheka. “Maji moto ya dirisha! Na mimi nyumbani naoga ya baridi?”

Maneno hayo niliyasikia tena kwa watu wengi mwaka ule, na kila mara yalinikera zaidi. Mwanamke akifua nguo za watu mpaka ngozi ipasuke, anaitwa mchapakazi. Akitafuta maji ya vuguvugu ya kufanyia kazi hiyo hiyo, anaambiwa anajidai. Niliapa kwamba maji moto nitayapata, hata kama vioo vyenyewe havitajua tofauti.

Mume wangu anafanya kazi Kisumu, kwa hiyo mambo ya magari hapa Umoja yamekuwa yakiamuliwa na ndugu yake. Shemeji ni mtu mwema, ila hajawahi kukubali kwamba kuna jambo asilolijua. Alikuja Jumamosi na hita ya gesi, ile ya bafuni, akaifunga ukutani mwa vani na mtungi wa gesi kando yake.

“Hii ndiyo dawa,” alisema. “Unawasha, unaosha, umemaliza.”

Wiki ya kwanza ilifanya kazi. Wiki ya pili mvua ilitunyeshea tukiwa shuleni. Mimi mwenyewe, si mtu mwingine, nilifunga milango ya nyuma ili vifaa visilowe, nikaacha mwanya wa kupitisha mpira tu. Mwenzangu alikuwa ndani akiangalia pampu, hita ikiwaka kando yake. Nilipomwita hakujibu. Nilifungua nikamkuta ameketi juu ya ndoo, kichwa kimeinama, anasema polepole kwamba anataka kulala kidogo. Nilimvuta nje kwenye mvua. Alitapika, akalalamikia kichwa siku nzima, na tabibu wa kliniki akatuambia moshi wa hita ya gesi hauna harufu na umeshawalaza wengi wasiamke.

Jioni hiyo hiyo nilichukua spana nikaing’oa hita.

“Mngefungua mlango tu,” shemeji alisema. “Unaogopa gesi kama mtu wa zamani.”

“Kosa la mlango ni langu,” nilimwambia. “Lakini sitafanya kazi na kitu kinachoua kwa sababu mvua imenyesha.”

“Basi rudini kwa maji baridi.”

“Hatutarudi.”

Nilianza kuuliza. Niliwauliza madereva wa malori na mafundi wa mabasi ya watalii, nikatazama video kwenye simu mpaka macho yakauma. Wazo la hita ya umeme nililiacha mapema, maana ingemaliza betri kabla hatujaosha dirisha la tatu. Kilichobaki ni dizeli. Kuna hita ndogo ambazo huwekwa kwenye magari ya nchi za barafu, zinakunywa dizeli kidogo kidogo na kutoa moshi wake nje chini ya gari. Lakini zipo za kila namna, na kila muuzaji aliniambia yake ndiyo.

Nikaona nianze kwa kujua ninachohitaji. Nilisimamisha vani mbele ya nyumba, nikaelekeza brashi ndani ya ndoo ya lita ishirini, nikawasha pampu na kuangalia saa ya simu. Jirani alitoka na kikombe cha chai kutazama.

“Sasa unapima nini, mama?”

“Maji.”

“Kwani yamepungua?”

Ndoo ilijaa baada ya dakika karibu saba. Lita tatu kwa dakika. Sikuhitaji mvuke wala maji ya ugali. Nilihitaji lita tatu kila dakika, zenye joto la maji ya kumwogesha mtoto, yasiyopasua kioo baridi. Niliandika hivyo kwenye karatasi nikaitia kwenye pochi.

Shemeji alisisitiza kunisindikiza Kariobangi, kwa muuzaji wa vipuri vya malori aliyemfahamu. Muuzaji alitukaribisha vizuri, akampa shemeji kiti, akaanza kumweleza yeye. Kwanza alituonyesha mtambo mkubwa uliotoka kwenye mashine ya kuoshea magari, una moto wa kutisha na unataka stima ya ukutani. Nilipomuuliza stima hiyo nitaitoa wapi barabarani, alimgeukia shemeji na kutabasamu. Kisha akaleta hita ya lori, safi, imepakwa rangi mpya.

Niliigeuza. Ubavuni kulikuwa na kibati chenye maandishi.

“Hii ni ya volti ishirini na nne,” nilisema. “Gari langu ni kumi na mbili.”

“Mama, volti ni volti. Fundi wako ataunganisha.”

“Basi iwashe hapa niione.”

“Hatuwashi. Ukinunua kuku unamwambia atage kwanza?”

Watu waliokuwa karibu walicheka. Shemeji pia alicheka, kisha akaninong’onezea, “Lipa twende, usituaibishe. Huyu ni mtu wangu.”

Uso wangu ulikuwa wa moto. Nilijua nikinyamaza nitaondoka na chuma kisichowaka, na kesho yake nitaambiwa wanawake hawajui mitambo. “Kama ni mtu wako, nunua wewe,” nilimjibu kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia. “Mimi sinunui kitu ambacho mwenyewe anaogopa kukiwasha.” Nikaondoka kwa miguu, nikamwacha kwenye kiti chake.

Sikwenda nyumbani. Nilizunguka vibanda vya jua kali, nikiuliza mmoja baada ya mwingine, na wa nne au wa tano akanielekeza kwa mzee mmoja mwenye karakana nyembamba nyuma ya wachomeleaji. Alikuwa anakunywa uji. Nilimwamkia, nikamweleza kazi yangu. Hakucheka. Aliweka kikombe chini akauliza:

“Unatumia lita ngapi kwa dakika?”

Nilitaka kulia. Nilitoa karatasi yangu. Aliisoma, akaingia ndani, akatoka na hita ndogo kama mkoba wa shule, iliyotolewa kwenye gari la abiria lililoanguka. Ya volti kumi na mbili. Aliifunga kwenye betri, akachovya mpira wake kwenye kopo la dizeli, tukachuchumaa. Ilianza kutoa mlio wa tik, tik, tik. Ikakohoa moshi mweupe kiasi cha kunitia wasiwasi, kisha ikanguruma na moshi ukaisha kabisa.

“Ikiendelea kutoa moshi, ikatae,” alisema. “Hata ikiwa yangu.”

Alinifundisha kwamba hita hii haichemshi maji ya dirisha moja kwa moja. Inachemsha maji ya radieta yanayozunguka humo humo, na maji yangu yanapita kando yao ndani ya kisanduku cha mabati membamba, yanachukua joto bila kuchanganyika. Hakunificha ubaya wake pia. Ina kelele, itahitaji betri ya pili, na masizi yake lazima yasafishwe.

“Na ekzosi itoboe sakafu, itokee nje kabisa,” alisema. “Tundu lizibwe. Ukimpata fundi wa kukuambia itoke mlangoni, mfukuze.”

“Tundu nitatoboa mwenyewe,” nilisema.

Aliniangalia. “Basi njoo na gari kesho asubuhi. Mimi nitashika tochi.”

Nilitoboa. Tundu likatoka limepinda kidogo, akalinyoosha kwa tupa. Jumatatu tulikwenda na gari kliniki. Maji yalipotoka kwenye brashi yenye joto, mwenzangu aliweka kiganja chini yake akakaa hivyo muda mrefu, dirisha halijaguswa.

Hatukufika ghorofa ya pili. Msimamizi wa jengo alisikia ngurumo, akashuka mbio. “Mmewasha moto kwenye ua wangu?”

Nilimwonyesha ekzosi, tundu lililozibwa, kizima moto pembeni. Nilimwambia bei ni ile ile. Hakutaka kusikia. “Madirisha yanaoshwa kwa maji baridi dunia nzima. Toa hiyo kitu, au msirudi.”

Kliniki ile ilikuwa mteja wetu mkubwa kuliko wote. Nilimtazama mwenzangu. Alikuwa ananiashiria kwa kichwa, akinisihi nikubali, na najua alikuwa tayari kuumia kwa ajili yangu.

“Basi hatutarudi,” nilimwambia msimamizi. Nikakunja mpira.

Njia nzima mwenzangu alininunia. “Kiburi chako kitatulaza njaa,” alisema. Na kweli miezi miwili ilikuwa migumu, sitadanganya. Tuliosha chochote: vioo vya kinyozi, vya duka la simu, vya kanisa. Kilichotuokoa ni mikahawa. Mwenye mkahawa mmoja wa Umoja aliona mafuta ya miaka yakiyeyuka na kutiririka ukutani, akamwita mwenzake wa ng’ambo ya barabara aje aone. Huyo naye akaita wengine.

Kliniki haikuturudisha kamwe, nami sikuomba. Shemeji alikaa miezi mingi bila kuja. Siku alipokuja, alisema ile hita ya volti ishirini na nne ingefaa pia kama ningekuwa na subira. Nilimkaribisha chai.

Hita bado inafanya kazi, ingawa imenisumbua mara mbili. Huifungua Jumamosi mbele ya nyumba, nimeketi kwenye kigoda, nakwangua masizi kwa brashi ya waya. Kuna mpita njia huwa hakosi kuniambia nitafute mwanamume wa kazi hiyo. Humjibu kwamba anipishe, ananizibia mwanga.