Laini ya Bi Mkubwa

Baba yangu alikuwa dobi. Alitoka Rabai akiwa kijana kuja Malindi kutafuta kazi, na nilipomaliza kidato cha nne, mwanzoni mwa miaka ya themanini, tulikuwa tunafua mashuka ya hoteli tatu za ufukweni. Nasema "tulikuwa" lakini mikono ilikuwa yangu na ya mama. Magadi yalituchuna baina ya vidole, hata kushika ndimu ikawa mateso. Kazi ya baba ilikuwa kupokea oda, na oda zilikuwa zinapungua, kwa kuwa hoteli zilianza kupendelea dobi mwenye simu. Dobi mmoja wa upande wa pili wa mji alikuwa nayo. Sisi tulikuwa kwenye orodha ya kungojea laini, na watu walizeeka kwenye orodha ile.

Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta alikuwa na simu. Alikuwa mjane wa makamo aliyeolewa Malindi kutoka visiwa vya kaskazini, na mtaa mzima tulimwita Bi Mkubwa. Simu aliachiwa na marehemu mumewe. Alikuwa na mtoto mmoja tu, mwanamume, dereva wa lori Maskati, na kila Ijumaa baada ya sala ya alasiri mtoto huyo alimpigia. Tulimsikia akipaza sauti kana kwamba Maskati ni ng'ambo ya barabara: "Umekula? Umekula nini?" Kusoma alijua kwa herufi za Kiarabu. Karatasi za serikali msomaji wake nilikuwa mimi, na kila nilipomsomea alinitilia kipande cha halua mkononi.

Mpaka wakati ule, ukitaka kupiga simu ulimwomba opereta akuunganishe. Kisha tukaambiwa mji unahamishiwa mtambo mpya, kila mtu atapiga namba mwenyewe, na namba zote zitaongezwa tarakimu moja mbele. Hapo ndipo alipotokea dalali. Alikuwa mtu wa kuuza viwanja, mpole wa maneno, mwenye mkoba wa ngozi na viatu visivyoshika vumbi. Sasa alikuwa anahamisha laini za simu: anamtoa huyu, anamweka yule, na karatasi zinakuwa safi.

Alikaa na baba uani kwetu, mashuka yakipepea juu ya vichwa vyao.

"Mzee, unangoja laini ya nini? Iko hapo pua na mdomo," alisema, akaelekeza kidevu ukutani. "Wakati huu kila mtu atatia sahihi fomu ya mtambo mpya. Nani atauliza yake imeandikwa nini?"

"Ana mtu wa kumsomea," baba akasema.

Wote wawili wakanitazama. Nilikuwa nakamua shuka.

Jioni ile baba aliniita. "Ukiitwa kusoma, soma kwa akili. Simu ikija hapa, wewe ndiye utakayekaa nayo mezani. Hutatia mkono kwenye magadi tena."

Siku mbili baadaye Bi Mkubwa akaniita. Dalali alikuwa amekaa sebuleni kwake anakunywa kahawa. Fomu ilikuwa ya Kiingereza, ukurasa mmoja, na ilieleweka. Ilisema kwamba yeye, mwenye laini, kwa hiari yake anaiacha, na anakubali ihamishiwe kwa mtu ambaye jina lake lilikuwa limeandikwa chini. Jina lilikuwa la baba yangu.

"Yasemaje, mwanangu?"

Dalali alikoroga kahawa isiyokuwa na sukari ya kukorogwa.

"Ni ya mtambo mpya, Bi Mkubwa. Wanataka ukubali uhamishwe."

"Na namba?"

"Ni ile ile. Wataongeza moja mbele, kama walivyosema."

Akatia kidole gumba kwenye wino, akakikandamiza kwenye karatasi taratibu, kwa uangalifu, asichafue. Ijumaa ile alimwambia mwanawe namba mpya. Alimtajia tarakimu mojamoja, akamtaka azirudie mara tatu. Nilisikia kila kitu kupitia ukutani.

Mafundi wa dalali walipokuja kuvuta waya, Bi Mkubwa aliwapikia chai na mahamri. Aliwashikilia ngazi. Walikata waya kwenye ukuta wake, wakaupeleka kwenye wetu, na yeye chini akiwaombea dua wasianguke, akidhani ndiyo kazi ya mtambo mpya. Chombo cha simu walimwachia. Alikifunika kitambaa alichokidarizi mwenyewe. Kilipokaa kimya siku ya kwanza na ya pili, akamuuliza dalali, na dalali akamwambia kazi inakwenda mtaa kwa mtaa, zamu yao bado. Akaridhika. Aliridhika vizuri, kama mtu aliyezoea kungoja.

Kwetu simu iliwekwa kwenye meza ya chumba cha mbele, nami nikawekwa nyuma yake na daftari na kalamu. Hoteli ya kwanza ilipiga asubuhi ile ile. Baba alicheka hadi akakohoa. Siku zile nilikuwa na furaha, na sitaki kudanganya katika hilo.

Ijumaa, baada ya alasiri, simu ikalia. Baba alikuwa amesimama mlangoni.

"Assalaam alaikum, mama."

Sauti yake niliijua tangu utotoni. Nikafunika simu kwa kiganja na kumtazama baba. Akanong'ona kwa ukali, "Mwambie mwenyewe hayupo. Mara moja tu, asizoee."

"Mwenyewe hayupo," nikasema.

"Katoka?"

"Hayupo tena hapa."

Nilisikia upepo wa waya, na nyuma yake watu wakizungumza Kiarabu.

"Hayupo tena vipi? Tangu lini?"

"Tangu juma lililopita," nikasema. Nilikuwa nasema habari ya laini. Nilidhani hivyo kwa muda wa pumzi moja.

"Inna lillahi," akasema. Kisha, kwa sauti ndogo ya mtoto, "Nani alimwosha?"

Hapo nikafahamu. Naandika hivi leo bila kujitetea: nilifahamu kabisa. Ningeweza kusema neno moja. Bi Mkubwa alikuwa upande wa pili wa ukuta ule ule, nilisikia anapepeta mchele. Lakini neno lile lingeleta swali la pili, swali la pili lingeleta fomu, na baba alikuwa mlangoni.

"Kazikwa wapi? Dada, kazikwa wapi?"

Nikaiweka simu chini.

"Alitaka nini?" baba akauliza.

"Ameelewa," nikasema.

Jumamosi mchana, kilio cha wanawake kikaingia kichochoroni. Kaka yake Bi Mkubwa, mzee wa Mambrui, alikuwa amepata simu ya maandishi, telegramu, kutoka Maskati: mpwa wake alimuuliza kwa nini amemzika mama yake bila kumwarifu. Mzee alikuja na jamaa kumi na kitu, gunia la mchele wa matanga begani mwa mmoja wao. Wakamkuta marehemu amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi.

Mzee alianguka magoti. Bi Mkubwa kwanza alicheka. Aliwatazama mmoja mmoja, akaliona lile gunia, na kicheko kikamkauka.

"Nani kasema nimekufa?"

"Mwanao. Alipiga simu kwako, akajibiwa na msichana."

"Kwangu? Simu yangu haijalia wiki nzima." Akaenda kuinyanyua, akampa kaka yake asikilize. Mzee hakusikiliza. Alitoka nje, akautafuta waya ukutani, akaona ncha iliyokatwa, akaona mpya unaotambaa juu ya ukuta, akaufuata kwa macho mpaka kwenye dirisha letu.

Waliingia wote. Chumba cha mbele kilijaa mabuibui. Baba hakuinuka. Alitoa karatasi kwenye mtoto wa meza.

"Alitia kidole mwenyewe. Na alisomewa."

"Alisomewa na nani?" mzee akauliza.

Baba alinionyesha kwa kidevu, vile vile dalali alivyouonyesha ukuta.

Bi Mkubwa akaichukua karatasi, akanipa. Hakufoka. "Nisomee tena," akasema. "Polepole, wenzangu nao wasikie."

Nilisoma. Kila sentensi kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili. Nilipofika kwenye neno "kwa hiari yangu", akanisimamisha, akataka nilirudie. Nikalirudia. Mama yangu alikuwa mlangoni, mikono yake inachuruzika maji ya sabuni, na yeye ndiye peke yake aliyelia.

Kisha Bi Mkubwa akaomba kumpigia mwanawe.

"Hii simu ya biashara," baba akasema. "Nangoja hoteli."

Mzee wa Mambrui akapiga hatua moja mbele, na baba akanisukumia simu. Nikaomba Maskati kwa opereta, maana simu za ng'ambo bado zilipita kwake. Baada ya muda mrefu akajibu mtu mwingine. Alisema yule dereva ameondoka. Tajiri wake alimkatalia ruhusa, naye hakusubiri. Ameacha lori na kazi, amepanda ndege kuja kuzuru kaburi la mama yake. Nilimweleza Bi Mkubwa yote, safari hii bila kupunguza neno. Alitikisa kichwa, akaniambia ahsante.

Mwanawe alifika Jumanne. Sikumwona akiingia. Nilisikia tu ukelele mmoja wa mwanamume upande wa pili wa ukuta, kisha mama yake akimtuliza kama mtoto mchanga.

Maskati hawakumtaka tena. Mzee alikwenda ofisi ya simu, na karani alimwonea huruma, akamwonyesha kidole gumba kwenye karatasi. Bi Mkubwa akaingizwa kwenye orodha ya kungojea. Alikufa miaka minne baadaye, bado yumo. Baba alipata hoteli mbili zaidi, akanunua mashine ya kufulia. Dalali alipita siku moja, akaniegemea mezani akitabasamu: "Wewe binti una kipaji. Ukitaka kazi, nitafute." Kilichoniuma zaidi ni kwamba hakuwa ananidhihaki.

Baada ya mazishi nilimwendea yule mwana. Alikuwa akitengeneza baiskeli karibu na soko, amechutama juu ya gurudumu lililopinda. Nilimwambia mimi ndiye niliyejibu simu, kana kwamba hakujua. Nilimwambia nimekuja kuomba radhi.

Alizungusha gurudumu, akalitazama linavyoyumba.

"Siku ile kuna mtu alikushika koo?"

"La."

"Alikutishia?"

"La. Hakunitishia mtu."

Akachukua spana, akakaza njiti moja, akazungusha tena.

"Basi sogea," akasema. "Umenizibia mwanga."