Baba Mdogo Aliyeiaga Dhahabu

Mwaka ambao Nyangoto nzima ilikimbilia mashimoni, baba yangu mdogo alifungua kibanda cha kununua dhahabu, akaandika ukutani kwa Kiingereza: WE BYE GOLD. Mimi wa kidato cha kwanza nilichemka. BYE ni kwaheri! Yaani alikuwa anaiaga dhahabu! Nikanyakua brashi, nikafuta, nikaandika BUY kwa rangi nyekundu, moyo ukinidunda kama nimeokota jiwe lenye mali.

Wachimbaji wakajaa kutazama.

"Soma maandishi yalivyokuwa," akasema baba mdogo.

"Wi bai gordi," nikasoma kwa ulimi wetu wa Kikurya.

"Haya, soma yalivyo sasa."

Nikavuta pumzi, nikapaza sauti: "Wi bai gordi!"

Akautazama ukuta, akanitazama mimi.

"Sasa umerekebisha nini?"